Sitkomu, Yaani Vitimbi

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri orodha ya vipindi vya televisheni, mistari mia mbili na ushei, kila mstari na safu yake ya "aina". Habari ikawa habari, michezo ikawa michezo, tamthilia ikawa tamthilia. Nilipofika kwenye vipindi vya kuchekesha nikakwama. Kiingereza kilikuwa na majina matatu kwa aina tatu: mtu mmoja aliyesimama jukwaani na maikrofoni, kundi linaloigiza vipande vifupi visivyohusiana, na familia ileile inayorudi kila wiki sebuleni kwake na balaa jipya. Aliyetafsiri orodha ya awali alikuwa ameandika "vichekesho" mara zote tatu. Sikumlaumu, maana ndivyo tusemavyo sote. Lakini mimi ni mpenzi wa michezo hii tangu utotoni, ile ya televisheni na ile ya katuni za magazetini, na aina hiyo ya tatu ndiyo iliyonilea. Kuiona imetupwa kapu moja na nyingine kuliniuma.

Kiingereza kilichukua maneno mawili, hali na komedi, kikayakata na kuyaunga, likatoka neno fupi ambalo vijana wetu sasa hulitamka sitkomu. Hali inayosemwa hapo ni mpangilio usiobadilika: watu fulani, mahali fulani, na tatizo fulani lisilokwisha, kwa sababu siku likiisha kipindi nacho kimekwisha. BBC ilirusha sitkomu ya kwanza ya televisheni mwaka 1946, Pinwright's Progress, habari za mwenye duka na misukosuko yake. Ilirushwa moja kwa moja na haikuhifadhiwa. Iliyoipa aina hii umbo tunalolijua ni I Love Lucy ya Marekani, iliyoanza mwaka 1951. Desi Arnaz na Lucille Ball waliipiga kwa filamu, kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji walioketi studio, na kwa kuwa filamu hudumu, kipindi kikaweza kurudiwa na kuuzwa nchi baada ya nchi.

Kamera zilisaidia, lakini siri ilikuwa kwa Lucy mwenyewe. Anatamani kupanda jukwaani kwenye klabu anayopigia muziki mumewe. Mume hataki. Lucy anapanga hila, hila inamgeukia, aibu inamfika, mume anasamehe. Wiki inayofuata Lucy yuleyule anaanza upya, kama kwamba wiki jana hakuanguka mbele ya watu. Kusahau huko ndiko moyo wa sitkomu. Katika tamthilia mtu akiumia leo, kesho anachechemea. Katika sitkomu kesho anakimbia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na kwangu mimi ulio bora, ni Papa Shirandula wa Citizen TV. Papa ni bawabu. Analinda geti la watu. Lakini nyumbani mkewe Wilbroda anaamini kwamba mumewe ni mtu mkubwa wa ofisini, na Papa amemwacha aamini hivyo. Hebu itazame hali hiyo kwa makini, jinsi ilivyojengwa. Mtu anatoka kwake asubuhi kavaa suti, na akifika kazini lazima aivue, avae sare ya ulinzi. Jioni aivue sare, airudie suti. Katikati ya mavazi hayo mawili kuna maisha yote ya kipindi. Mgeni yeyote kutoka kijijini ni hatari. Simu yoyote ni hatari. Mkewe akiamua tu kumpelekea chakula cha mchana, mambo yameharibika. Mwandishi hana haja ya kubuni mzaha: akimtuma mtu mmoja getini kwa wakati usiofaa, kicheko kinajileta chenyewe. Na kwa nini tulicheka kwa mapenzi, si kwa dharau? Kwa sababu kila mtaa una baba wa namna hiyo, anayeona heri achoke kwa uongo kuliko watoto wake wajue anachokifanya ili wale.

Sasa, hii tuiiteje?

Vichekesho nimeshasema: ni jina la ukoo, na ninatafuta jina la mtoto. Vyuoni wapo wanaosema ramsa au futuhi. Maneno hayo nayaheshimu. Ramsa imekaa vizuri sana pembeni ya tanzia pale tunapochambua tamthilia, lakini vilevile inataja komedi yote, ya Shakespeare na ya mtaani. Kisha kuna tafsiri za kufuata Kiingereza neno kwa neno, komedi ya hali au komedi ya mazingira. Hizi ndizo zinazonisumbua zaidi. Msomaji akisoma "komedi ya mazingira" atawaza upandaji miti. Na hata akielezwa, ataelezwa sehemu isiyo muhimu. Mazingira hayamchekeshi mtu. Kinachochekesha ni anachojaribu kukifanya mtu aliyebanwa na mazingira hayo: hila zake, kujificha kwake, mipango yake ya usiku inayoporomoka mchana.

Kiswahili kina neno la jambo hilo tayari. Kitimbi.

Kumfanyia mtu vitimbi ni kumpangia hila na visa. Mtu mwenye vitimbi ni yule ambaye hakuishi kioja kwake, leo hili, kesho lile, na ukimwona anakuja unajiuliza leo kaleta lipi. Ndani ya neno hilo kuna ujanja, kuna usumbufu, na kuna kurudiarudia. Watengenezaji wa vipindi wenyewe waliliona kabla yetu sisi wa kamusi. Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, ilikuwa na Vitimbi, nyumba ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Ilikuwa na Vioja Mahakamani, ambako kesi hubadilika na mahakama hukaa palepale. Nchini Tanzania, ITV ilileta Mizengwe. Hata redioni, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, walaghai wawili ambao jina lao lilishatoa hadithi nzima: pwagu hupata pwaguzi, na wasikilizaji walikaa kusubiri tu ampateje safari hii. Vitimbi, vioja, mizengwe: waliobatiza vipindi hivi hawakutaja kicheko. Walitaja ghasia inayokileta.

Lililonishawishi zaidi ni sarufi. Ngeli ya ki-vi inatupa kitu ambacho Kiingereza hakina. Kipindi kizima, pamoja na miaka yake yote, ni vitimbi. Sehemu moja, ya nusu saa matangazo yakiwemo, ni kitimbi. "Umeona kitimbi cha jana?" "Vitimbi hivi vilianza mwaka 2007." Umoja na wingi vinafanya kazi ambayo kwingine inahitaji istilahi mbili, na vinaifanya bila mtu kufundishwa. Kasoro ipo, nami siifichi: ukisema "vitimbi viwili" hatutajua kama ni sehemu mbili au mifululizo miwili. Hapo itabidi kusema "vipindi viwili vya vitimbi". Ni mzigo mdogo, naubeba.

Mhariri wa ile orodha aliniuliza kama sikuchanganya aina ya kipindi na jina la kipindi cha KBC. Swali la haki. Jibu langu ni kwamba jina la kitu kimoja kilichopendwa hugeuka jina la jamii yake. Akina mama wangapi huomba Kimbo dukani wakapewa mafuta ya kampuni nyingine, na hakuna anayehisi kudanganywa? Aliniuliza pia kama neno si kali mno, maana vitimbi vya wifi na mkwe si jambo la kuchekea. Hapo sikukubaliana naye hata kidogo. Ukali ule unahitajika. Lucy anamdanganya mumewe. Papa anamdanganya mkewe. Hii ni michezo ya watu wanaokoseana wakiwa chini ya paa moja na wasioweza kuachana, na neno lisilo na chembe ya ubaya lingeifanya iwe tamu kupita ilivyo.

Nilisema mimi ni mpenzi wa katuni pia, na hapa ndipo neno linaponifaa maradufu. Katuni, kwa Kiswahili cha leo, ni mchoro mmoja wa kumsema waziri, ni visanduku vitatu vinne vya gazetini, ni kijitabu kizima, na ni filamu ya Tom na Jerry. Kibonzo kimejaribu kusaidia, kikaragosi nacho, lakini hakuna aliyegawa kazi vizuri. Mimi nataka kukivuta kimoja tu kutoka humo: kile cha visanduku, chenye mhusika anayerudi.

Tulipokuwa wadogo maandazi ya asubuhi yalifungwa kwenye gazeti. Siku moja karatasi iliyoniangukia ilikuwa ukurasa wa Taifa Leo wenye Juha Kalulu, yule wa Edward Gitau. Visanduku vya mwanzo vilisomeka. Cha mwisho kilikuwa kimelowa mafuta, wino umetawanyika, umebaki mguu na sehemu ya kofia. Nakumbuka nikiishika ile karatasi juani, kutazama kama mwanga utaonyesha maneno. Haukuonyesha. Lakini nilicheka hata hivyo, kwa sababu nilimjua Juha, na kumjua Juha ni kujua kisanduku cha mwisho kitaendaje. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza sitkomu ni nini, kwangu ni hicho: mchezo ambao unaweza kupoteza mwisho wake na bado usiupoteze, mradi unamjua mwenyewe.

Ukiitazama hivyo, katuni zetu za magazetini na za magazeti pendwa ni ndugu wa damu wa vipindi vya televisheni. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, alikuwa na uso uleule na mji uleule wa kumshangaza. Ndani ya jarida la Sani walikuwemo Kipepe, Madenge, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na majina mawili ya mwisho ni hali zilizokamilika kabla mchoraji hajashika kalamu. Ndumilakuwili anauma na kupuliza kila upande. Utamwacha peke yake na marafiki wawili, kitimbi kimepatikana. Lodi Lofa ni bwana mkubwa asiye na kazi. Lofa anayejiita lodi na bawabu anayevaa suti ni mtu mmoja, mmoja kachorwa, mwingine kaigizwa, na kati yao kuna miaka mingi. Ndiyo maana napendekeza katuni ya vitimbi kwa ile ya visanduku ya gazetini, na vitimbi vya katuni kwa kitu kama The Simpsons, iliyoanza mwaka 1989 na ambayo Bart wake angali ana miaka 10. Neno linalotangulia ndilo lenye nyumba, linalofuata ni mgeni.

Si kila kijitabu cha katuni kitaingia humo. Hadithi ya picha inayosonga mbele, watu wake wakizeeka na kufa, ukurasa wa mwisho ukisema itaendelea, hiyo ni riwaya ya picha na iachwe na jina lake. Superman yuko mpakani. Umberto Eco aliandika mwaka 1962 kwamba hadithi zake hutokea katika aina ya ndoto, ambamo yaliyopita hayaachi alama, na hilo linamsogeza kwetu kuliko mashabiki wake watakavyopenda. Na Ze Comedy ya akina Joti na Masanja, niliyoipenda kwa dhati, si vitimbi. Vile vilikuwa vipande, kila kimoja kikijitegemea, na vipande ni jina zuri kwavyo. Redykyulass ya Kenya vivyo hivyo. Aliyesimama na maikrofoni ni mchekeshaji wa jukwaani. Hapo hapana fumbo.

Tofauti moja kati ya vitimbi vya kuchorwa na vya kuigizwa sijapata neno lake, na imenikaa moyoni. Philip Ndunguru, aliyewachora wale wa Sani, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Kalamu nyingine zikaendelea, na wahusika wakabaki na sura zao. Benson Wanjau alipofariki Julai 2015 hapakuwa na mwingine wa kumvaa Mzee Ojwang'. Alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Mjaluo kwa miaka mingi hadi wengi wakaamini ndiyo yake, na siku ile watu barabarani walisema Ojwang' amekufa, hawakusema Wanjau. Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, naye akafuata Julai 2020, na suti ya Papa ikatundikwa.

Nimeandaa kidahizo cha kuipelekea kamusi. Kinaanza: vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa mfululizo, wa kuigizwa au kuchorwa, wenye wahusika, mahali na tatizo visivyobadilika, sehemu yake moja ni kitimbi. Mfano wa matumizi nimeuandika hivi: Vitimbi vya Papa Shirandula vilikoma mwaka 2020, na Wilbroda hakuwahi kuletewa kitimbi cha kuaga.