Mawe Yatokayo Angani

Leo katika somo letu la historia tutazungumza juu ya mawe yanayotoka angani. Tutatazama mambo mawili yaliyotokea Urusi, kisha tutajiuliza: je, mwanadamu aweza kujikinga?

Kwanza tujue maana ya maneno. Asteroidi ni jiwe linalozunguka jua, kama dunia yetu inavyolizunguka. Likiingia katika hewa yetu kwa kasi kubwa, huwaka moto. Hapo twaliita kimondo, na kipande kinachofika chini nacho huitwa kimondo. Huko Mbozi, Mkoa wa Songwe, Tanzania, kiko kimoja cha chuma, chenye uzito wa tani 16 hivi. Wenyeji walikijua kabla wageni hawajapata habari zake mwaka 1930.

Basi, tarehe 30 Juni 1908, yapata saa 1 asubuhi, moto mkubwa ulipita angani katika nchi ya Tunguska, kwenye misitu ya Siberia. Mara ukasikika mshindo mkubwa. Miti kama milioni 80 ililala chini, katika eneo la kilometa za mraba zaidi ya 2,000. Kwa bahati, watu walioishi huko walikuwa wachache sana.

Ilipita miaka 19 kabla mtaalamu Leonid Kulik hajafika mahali pale, mwaka 1927. Alitazamia kukuta shimo kubwa. Hakuliona. Aliona miti imelala, vilele vyake vikielekea nje pande zote. Na katikati miti imesimama wima, haina matawi. Baadaye wataalamu walifahamu sababu: jiwe lile lilipasuka hewani, halikufika chini. Fikirini kama lingepasuka juu ya mji!

Jambo la pili lilitokea karibu na mji hasa. Tarehe 15 Februari 2013, saa 3 na dakika 20 asubuhi, jiwe lenye upana wa mita 20 hivi lilipasuka hewani karibu na mji wa Chelyabinsk. Lilitokea upande wa jua, kwa hiyo hakuna aliyeliona mapema. Watu waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama. Baada ya dakika mbili hivi mshindo ukafika, ukavunja vioo. Watu kama 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo hivyo.

Lakini mwalimu mmoja, alipoona mwanga, aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya meza. Yeye mwenyewe alikatwa na vioo. Watoto wote walisalimika. Hapa tujifunze. Kama vile radi, mwanga hutangulia na mshindo hufuata. Ukiona mwanga mkubwa usio wa kawaida angani, ondoka dirishani.

Je, jiwe laweza kuzuiwa? Tarehe 26 Septemba 2022, Marekani iligongesha chombo kiitwacho DART kwenye asteroidi Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi. Asteroidi hiyo haikuwa hatari kwetu. Lilikuwa jaribio tu. Dimorphos huizunguka asteroidi nyingine kubwa zaidi. Zamani ilimaliza mzunguko mmoja kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, ilitumia saa 11 na dakika 23 hivi. Kumbe jiwe la angani laweza kusukumwa! Ila ni lazima lionekane miaka mingi kabla, ili msukumo mdogo utoshe kulipitisha kando. Ndiyo sababu wataalamu hulinda anga usiku na mchana.

Ndugu zangu, tusikae kwa hofu, maana mawe makubwa huja mara chache mno. Tetemeko la ardhi hatuwezi kulizuia. Jiwe la angani, likionekana mapema, twaweza kulikwepesha.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini Kulik hakukuta shimo?
2. Kwa nini watu wengi wa Chelyabinsk walikatwa na vioo?
3. Kwa nini ni lazima jiwe lionekane mapema?