Luano, jioni ya tarehe 17

Marubani walijifungia chumbani mwao. Nyuma yao, ndani ya ndege ya DC-4, wafungwa watatu walikuwa wakipigwa njia nzima: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Jioni ya tarehe 17 Januari 1961 ndege ikatua Luano, katika komuni ya Annexe, zinakotua ndege za Lubumbashi hadi leo. Askari wachache wa Sweden, wa Umoja wa Mataifa, walikuwepo uwanjani. Waliona wafungwa wakishushwa na kupigwa vitako vya bunduki. Hawakuingilia.

Kilomita chache kutoka hapo ilikuwapo nyumba ya mlowezi wa Kibelgiji, Brouwez. Humo vipigo viliendelea, mikononi mwa Wakatanga na Wabelgiji. Mawaziri wa Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga, walifika kuwatazama. Kabla ya saa nne usiku wote watatu walikuwa wameshapigwa risasi porini, Shilatembo.

Wanaotetea mahojiano makali hupenda mfano wa bomu: mfungwa anajua lilipotegwa, je, asiminywe kidogo aseme? Kwa Brouwez hapakuwa na bomu wala karani wa kuandika maelezo. Mwaka 2002 wanasheria wa serikali ya Marekani walifika mbali zaidi, wakaandika kwamba maumivu ya mwili hayawi mateso mpaka yafanane na ya kiungo kufa. Sheria ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2011 haina mzani huo wa bucha. Maumivu makali ya mwili au ya akili yanatosha, na kusudi si lazima liwe kupata ungamo. Kuadhibu na kutisha navyo vimo. Adhabu ni miaka 5 hadi 10, au kifungo cha maisha mteswa akifa. Kiswahili cha Lubumbashi hakisumbuki hivyo: kupika ni kwa sufuria, na kupika, yaani kupiga, ni kwa fimbo.

Februari 1961 waziri wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua. Anayesema vingine, alete ushahidi. Alijua miili haipo: polisi Mbelgiji, Gérard Soete, alikuwa ameiyeyusha kwa asidi.

Soete alibaki na jino. Ubelgiji ililikabidhi kwa familia ya Lumumba tarehe 20 Juni 2022, na kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa Shilatembo, ndani ya jeneza la ukubwa wa mtu mzima.