Nyuzi, Unene na Sauti: Kutoka Ligombo hadi Gitaa katika Nyanda za Juu za Kusini

Mpiga gitaa akiambiwa kwa Kiswahili ashushe sauti, hawezi kujua mara moja ametakiwa nini. Huenda ametakiwa apige kwa sauti ndogo ili asiwasumbue walio karibu. Huenda ametakiwa azilegeze nyuzi ili wimbo umfae mwimbaji asiyeweza kupanda. Mambo haya mawili ni mbali kabisa, na katika lugha za Ulaya yana istilahi zilizotengana. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya nyuzi na ulinganishaji wake katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, yaani Iringa na Mbeya hadi Mufindi na Mgololo, kisha yanatazama ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kuubeba ujuzi huo bila kuupotosha.

Kabla gitaa halijafika, nyanda hizo zilikuwa na ala zake za nyuzi. Miongoni mwa Wahehe iliyo mashuhuri ni ligombo. Jina lenyewe linaonyesha kiambishi li- cha ngeli ya tano, ambacho katika Kiswahili kimedhoofika na mara nyingi kutoweka, lakini katika Kihehe kingali hai. Ligombo ni ubao uliochongwa mfano wa hori, wenye meno katika ncha zake mbili. Uzi mmoja mrefu hupitishwa juu ya ubao, ukaenda na kurudi kutoka jino hata jino, ukawa kama nyuzi nyingi zilizolala sambamba. Kibuyu hufungwa kwenye ubao ili kuikuza sauti. Ala za jamaa hiyo hupatikana pia Rwanda na Burundi, ambako huitwa inanga. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, na sauti ya ligombo la Wahehe imo katika sahani zake. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954.

Ulinganishaji wa ligombo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa kuwa uzi ni ule ule mmoja, unene wake ni mmoja kote. Kwa kuwa ubao ni mmoja, urefu wa kila sehemu karibu ni mmoja. Limebaki jambo moja tu linaloweza kuzitofautisha sauti, nalo ni mkazo. Mpigaji huvuta sehemu hii na kuilegeza ile, na msuguano wa uzi juu ya meno huuzuia mkazo usirudi kuwa sawa. Basi katika ligombo kulinganisha ni kukaza na kulegeza, wala hapana njia nyingine.

Sheria inayotawala jambo hilo ilitolewa kwa tarakimu na Mfaransa Marin Mersenne katika kitabu alichokichapisha mwaka 1636. Mitetemo ya uzi hupungua kwa kadiri urefu unavyozidi na kwa kadiri unene unavyozidi. Lakini mkazo hufuata kipeo cha pili, yaani ili mitetemo iwe maradufu lazima mkazo uwe mara nne. Kwa hiyo ala ya uzi wa unene mmoja na urefu mmoja haiwezi kuwa na upana mkubwa wa sauti. Ikizidishwa, uzi wa upande mmoja utakatika, na wa upande wa pili utalegea hata usilie. Upana mdogo wa sauti za ligombo haukutokana na upungufu wa sikio la mwenyeji. Ni tokeo la lazima la namna ala ilivyoundwa.

Gitaa limeundwa kwa namna nyingine. Nyuzi zake sita zina urefu mmoja, kama sentimita 65, na mikazo inayokaribiana. Kinachotofautiana sana ni unene. Uzi mwembamba kuliko zote hutetemeka mara 330 hivi kwa sekunde, na ulio mnene kuliko zote mara 82 hivi, yaani robo yake. Ukichukua uzi wa chuma wenye kipenyo cha milimita 0.25, ambao ni wa kawaida kwa nafasi ya kwanza, mkazo wake utakuwa kama kilo saba na nusu. Ukijaribu kuupata mlio wa nafasi ya sita kwa uzi huo huo, itakubidi uulegeze hata ubaki na mkazo wa nusu kilo tu, nao utalala juu ya shingo ya gitaa. Ukitumia waya mtupu wenye unene mara nne, utakuwa mgumu kama msumari na mlio wake utakufa upesi. Ndiyo maana nyuzi za besi huzungushiwa waya mwingine mwembamba: uzito huongezeka bila uzi kupoteza ulaini wake. Ufundi huo ulianza Ulaya katika karne ya 17, wakati nyuzi za ala zilipokuwa bado za utumbo wa kondoo. Nailoni ilikuja kushika mahali pa utumbo katika miaka ya 1940.

Njia zilizolileta gitaa katika nyanda hizo zilikuwa njia za kazi. Wanyakyusa na jirani zao walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, katika miaka ya 1930, na wengine wakavuka mpaka hadi machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wabena na Wakinga walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine kwenye chai ya Mufindi. Baadaye vilifuata reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi mwaka 1985 kwa miti ya msitu wa Sao Hill. Kila mahali pa namna hiyo watu wa lugha mbalimbali walikaa pamoja, Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Sahani za santuri na redio zilisambaza nyimbo za gitaa zilizoimbwa kwa Kiswahili, miongoni mwake zile za Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Tracey mwaka 1952. Huko Morogoro, Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliifanya sauti ya gitaa kuwa sauti ya mjini kwa kizazi kizima.

Gitaa lilifika, lakini nyuzi zake hazikufika kwa wingi ule ule. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati uzi ukikatika mpigaji alifumua waya wa breki ya baiskeli na kutumia nyuzinyuzi zake, au alitumia mshipi wa nailoni wa wavuvi. Hapo historia ilirudi nyuma kwa namna ya ajabu. Nyuzinyuzi za breki zina unene mmoja. Gitaa lililofungwa nyuzi hizo tupu limekuwa ligombo kwa tabia, kwa kuwa tofauti ya sauti imebaki katika mkazo peke yake. Nailoni nayo ina hesabu yake: ni nyepesi kuliko chuma karibu mara saba, hivyo ili uzito uwe sawa lazima kipenyo chake kiwe zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha chuma. Mpigaji wa namna hiyo hakuwa na la kufanya ila kulilegeza gitaa lote, kisha kumtafuta mwimbaji wa kulifuata.

Mwenye uwezo wa kuchagua nyuzi hulegeza kwa sababu nyingine, nayo ni kumfuata mwimbaji. Gitaa likilegezwa toni moja nzima, mkazo wa kila uzi hupungua kwa moja ya tano. Uzi uliokuwa na kilo saba na nusu hubaki na kilo sita hivi. Matokeo yake ni mawili: uzi hutetemeka kwa mapana na kugonga vikato vya shingo, na kidole kikiubonyeza kwa nguvu sauti hupotoka upesi. Dawa yake ni kuongeza unene kwa kiasi cha sehemu moja katika nane. Uzi wa milimita 0.28 ukiwekwa mahali pa ule wa 0.25 hurudisha mkazo hadi zaidi ya kilo saba, na mkono hauoni tofauti kubwa. Kinyume chake ni hatari: mwenye kufunga nyuzi nene kisha akazikaza kama kawaida huivuta shingo ya gitaa hata ikapinda.

Sasa turudi kwenye maneno. Kiswahili husema sauti nene na sauti nyembamba, sauti nzito na sauti kali. Ni rahisi kudhani kwamba mafumbo hayo yametoka katika nyuzi: uzi mnene, sauti nene. Lakini ligombo linakataa dhana hiyo, kwa maana nyuzi zake zote ni za unene mmoja. Asili ya fumbo yafaa itafutwe kwingine, katika koo la mtu mzima na la mtoto, na katika ngoma kubwa na ndogo, ambamo ukubwa wa kitu na uzito wa sauti yake huandamana. Gitaa lilipokuja na nyuzi zake za unene mbalimbali, lilikuta fumbo limekwisha kuwapo, likakaa ndani yake kama mgeni aliyekuta mkeka umetandikwa.

Juu na chini ni habari nyingine. Kiswahili hupaza sauti na kuishusha kwa maana ya ukubwa wa mlio. Maana ya pili, ya kupanda na kushuka kwa noti, imepata nguvu pamoja na mafunzo ya muziki wa Ulaya, ambamo noti huandikwa juu na chini ya mistari. Hata hivyo kwaya za makanisa, ambazo misheni za Kilutheri na Kimoraviani zilizileta nyanda za kusini tangu mwaka 1891, zimezoea kuzihesabu sauti zao kwa nambari: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ni njia salama, kwa kuwa haimchanganyi mwimbaji kati ya kupiga kelele na kupanda noti.

Kwa mtunga istilahi jambo hili si dogo. Akitafsiri neno kwa neno na kuandika kushusha gitaa, atampa mwanafunzi wa muziki amri yenye maana mbili, na atauficha ujuzi uliomo katika lugha yenyewe. Kulegeza hutaja kile hasa mkono unachokitenda. Nene na nyembamba hutaja kile sikio linachokipokea. Kubwa na ndogo zinabaki kwa nguvu ya mlio. Juu na chini haziwezi tena kufukuzwa, kwa kuwa wapigaji wa bendi wamezizoea, kama walivyozoea kutyuni. Kamusi na izitaje zote, lakini iyatangulize maneno yasiyo na utata. Yafaa pia msamiati wa wapigaji wa ligombo ukusanywe kwa Kihehe wakati wangalipo wanaoutumia, kwa maana watu walioishi karne nyingi na ala isiyojua ila mkazo hawakosi kuwa na majina ya daraja za kukaza na kulegeza ambayo Kiswahili hakijapata kuyaazima.