Burhani na Majeruhi wa Njia ya Al Rayyan

Mafuta ya Dukhan, nchini Qatar, yalipoanza kusafirishwa ng'ambo mwaka 1949, na utajiri wake ukaleta magari katika nchi iliyozoea ngamia na majahazi, barabara zipitazo Al Rayyan kuelekea Doha zilileta, pamoja na neema ile, majeruhi ambao waunga mifupa wa kale, kwa ustadi wao wote, hawakuweza kuwazuilia damu ivujayo ndani ya mwili. Ndipo ikafunguliwa hospitali ya Rumailah mwaka 1957, na baadaye, mwaka 1982, Hospitali Kuu ya Hamad.

Lakini majengo hayatoshi pasipo burhani. Kwa zaidi ya miaka 30 matabibu wengi duniani waliwapa walioumia vichwa dawa za kotikosteroidi, kwa nia njema lakini kwa dhana, hata uchunguzi wa CRASH, uliotangazwa mwaka 2004 kwa wagonjwa 10,008, ulipodhihirisha kwamba dawa hizo zilizidisha vifo. Mwaka 2010 uchunguzi uliofuata, wa wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulileta faraja kwa majeruhi wavujao damu: asidi ya traneksamiki, dawa izuiayo damu kuvuja, gramu moja ikitiwa mshipani kwa dakika 10 na nyingine kwa saa 8, ilipunguza vifo kutoka asilimia 16 hadi 14.5, na ikabainika baadaye kuwa sharti ianze kabla ya saa 3 kupita tangu ajali.

Basi heshima ya tabibu haimo katika kushikilia alichorithi, bali katika kukipima kwa insafu, kwani uhai wa majeruhi ni amana.