Nyumbu na Ng'ombe: Habari za Uchunguzi wa Sotoka katika Afrika ya Mashariki

Katika magonjwa yote yaliyopata kuwaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, hapana uliokuwa mkali kuliko sotoka. Ng'ombe aliyeshikwa nayo alipata homa, macho yakatoka machozi na pua kamasi, kinywa kikafanya vidonda, kisha akaharisha mfululizo hata mwili ukakauka, na mara nyingi alikufa kabla ya siku kumi na mbili kwisha. Leo sotoka haipo tena duniani. Mwaka 2011, tarehe 28 Juni, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu. Wa kwanza ni ndui, uliotangazwa kuwa umekwisha mwaka 1980.

Habari za kushindwa kwa sotoka ni ndefu, wala sikusudii kuzisimulia zote hapa. Nataka kufuata swali moja tu, ambalo liliwashughulisha wachungaji, wawindaji, maofisa na wachunguzi kwa muda wa miaka zaidi ya sabini: Je, mnyama wa mwitu ndiye aliyemwambukiza ng'ombe, au ng'ombe ndiye aliyemwambukiza mnyama wa mwitu? Swali hili halikuwa la kupitishia wakati. Jibu lake liliamua nani achanjwe na nani apigwe risasi.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika katika miaka ya 1887 na 1888, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli katika bandari ya Massawa wakati wa vita vya Wataliani. Ikawamaliza ng'ombe wa Ethiopia, ikashuka kusini, ikafika katika mbuga za Wamasai yapata mwaka 1890 na 1891. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ilikuwa imekwisha fika Rasi ya Tumaini Jema. Katika sehemu nyingi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Wamasai huuita wakati ule Emutai, maana yake kumalizika; kwani nyuma ya sotoka ilifuata njaa, na pamoja na njaa ukaja ndui. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipopita upande wa Ngorongoro mwaka 1892, alikutana na Wamasai waliobaki mifupa mitupu, wakiomba chochote cha kutia kinywani. Mtu aliyekuwa tajiri jana kwa ng'ombe mia alikuwa leo hana hata ngozi ya kulalia.

Msiba haukuwa wa ng'ombe peke yao. Wanyama wote wenye kwato zilizopasuka walikuwa katika hatari, ingawa si wote kwa kiasi kimoja. Nyati walikufa kwa makundi, na pamoja nao pofu, tandala, twiga, ngiri na nyumbu. (Nyumbu tunayemtaja katika makala haya ni mnyama wa mbugani mwenye ndevu na pembe, wala si yule azaliwaye na farasi na punda.) Wasafiri wa siku zile waliandika habari za mizoga ya nyati iliyotapakaa nyikani.

Wimbi lile la kwanza lilipopita, sotoka haikuondoka. Ilijificha na kutokea tena, mwaka huu hapa, mwaka ule kule. Ndipo mashtaka yalipoanza. Watu waliona ng'ombe wamechanjwa au wametengwa, na bado ugonjwa unarudi. Wakaona pia nyati na nyumbu wanaugua porini ambako hakuna mtu wa kuwatenga. Basi wengi wakasema kwamba mwitu ndio ghala ya sotoka, na kwamba maadamu wanyama wa mwitu wapo, ng'ombe hawatapona. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, ugonjwa uliposhuka kusini mwa Tanganyika, palijengwa ua baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ili kuuzuia usivuke, na wanyama wa mwitu wa sehemu ile wakapigwa risasi. Hatuwezi kuwalaumu sana waliofanya hivyo, kwa kuwa waliogopa msiba wa 1890 usirudi. Lakini hukumu ilitolewa kabla ya ushahidi kupatikana.

Ushahidi ulichelewa kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa haujajulikana vema. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, aliitwa Afrika ya Kusini mwaka 1896, akafanya kazi Kimberley, akashauri ng'ombe wazima wachomwe sindano ya nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Dawa hiyo ilisaidia, lakini haikuaminika. Wakati ule ule Arnold Theiler na Herbert Watkins-Pitchford walikuwa wakijaribu maji ya damu ya ng'ombe waliopona. Mwaka 1902, katika mji wa Constantinople, Maurice Nicolle na Adil-Bey walionyesha kwamba kijidudu cha sotoka ni kidogo hata hupita katika chujio linalozuia bakteria; yaani ni virusi. Baadaye ilijulikana kwamba virusi hivyo ni ndugu wa karibu wa virusi vya surua ya watoto.

Katika miaka ya 1920 J. T. Edwards, aliyekuwa akifanya kazi Mukteswar katika Bara Hindi, alivipitisha virusi katika miili ya mbuzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukali wake kwa ng'ombe ukapungua. Chanjo ya namna hiyo ilitengenezwa pia Kabete, karibu na Nairobi, ikaokoa ng'ombe wengi. Hata hivyo ilikuwa na dosari. Ng'ombe wa aina nyingine, hasa wale waliotoka Ulaya, waliugua vibaya kwa chanjo yenyewe, hata mwenye ng'ombe akashindwa kujua aogope nini zaidi, ugonjwa au dawa.

Hapo ndipo jina la Walter Plowright linapoingia katika habari hizi. Bwana huyu, mganga wa wanyama kutoka Lincolnshire katika Uingereza, alifika Kabete mwaka 1950, na kuanzia mwaka 1956 alifanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha Muguga, kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Yeye na mwenzake R. D. Ferris waliotesha ndani ya chupa chembe hai zilizotolewa katika figo ya ndama, kisha wakazipandia virusi vya sotoka vya aina iliyoitwa Kabete O. Walivipandikiza tena na tena, karibu mara tisini, mpaka vikapoteza nguvu ya kuua lakini visipoteze nguvu ya kufundisha mwili kujikinga. Chanjo iliyopatikana, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 1962, haikuwadhuru ng'ombe wa aina yoyote, na ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingwa maisha yake yote.

Lakini zile chupa za Muguga zilizaa na faida ya pili, ambayo kwa swali letu ni kubwa zaidi. Sasa iliwezekana kuchukua damu ya mnyama yeyote na kujua kama amepata kuugua sotoka, kwani damu ya aliyepona huwa na kinga inayovizuia virusi visizidi kukua katika chembe zile. Mnyama asiyeweza kuulizwa akaweza kutoa ushahidi.

Ili kuufahamu ushahidi huo, yafaa kukumbuka tabia mbili za sotoka. Ya kwanza, mnyama aliyepona hakubaki na virusi mwilini. Alikuwa safi, wala hakuugua tena. Ya pili, virusi hivyo nje ya mwili hufa upesi kwa jua na ukavu. Kwa hiyo sotoka iliishi kwa kuhama tu, kutoka mnyama mgonjwa kwenda kwa mnyama mpya, na siku ilipokosa mnyama mpya ilikufa. Katika Serengeti ilijulikana tangu zamani kwamba nyumbu wadogo huugua wakifikia umri wa miezi saba hivi na kuendelea. Sababu yake ni kwamba ndama hupewa kinga na mama yake katika dang'a, nayo humlinda kwa miezi ya kwanza. Ikiisha, hubaki wazi. Kila mwaka sotoka ilipata chakula kipya katika ndama hao.

Kama nyumbu ndio waliokuwa ghala ya ugonjwa, basi kuchanjwa kwa ng'ombe kusingebadilisha kitu mbugani. Tangu miaka ya 1950 ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi, na Plowright na wenzake wakaichunguza damu ya nyumbu wa rika mbalimbali. Waliona kwamba nyumbu wakubwa walikuwa na alama ya sotoka katika damu, lakini waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa nayo. Hapana mtu aliyewachanja nyumbu, wala aliyewatibu. Ugonjwa uliwatoka kwa sababu uliondolewa kwa ng'ombe. Hatusemi kwamba mnyama wa mwitu hakuweza kamwe kumrudishia ng'ombe sotoka. Aliweza, katika siku chache za ugonjwa wake. Lakini hakuweza kuitunza. Mtunzaji wake alikuwa ng'ombe, anayelala zizini mwetu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Pengine msomaji atadhani kwamba hukumu hii inamwondolea nyumbu kila lawama. Sivyo, na hapa pana jambo la kuwaheshimu wachungaji wenyewe. Wamasai walikuwa wakisema tangu zamani kwamba nyumbu anapozaa huwaletea ng'ombe ugonjwa mwingine, wenye homa, macho kuwa meupe na kifo kisichokosa. Kwa ajili hiyo, katika miezi ya mwanzo wa mwaka, nyumbu wanapozaa katika mbuga za majani mafupi, Wamasai huwaondoa ng'ombe wao, ingawa ndio wakati ambao majani yale ni matamu kuliko yote. Wengine waliliona jambo hili kuwa ushirikina. Mwaka 1960 Plowright, Ferris na G. R. Scott walitangaza kwamba wamevipata virusi vya ugonjwa huo katika nyumbu, naye nyumbu mwenyewe haumwi. Wamasai walisema ugonjwa unatoka katika kondo la nyuma na nywele za ndama. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba hutoka hasa katika kamasi na machozi ya ndama wenye umri wa miezi michache. Juu ya njia hawakupata sawasawa, lakini juu ya mnyama, mahali na majira walikuwa wamepata. Basi katika mbuga moja, nyumbu yule yule alikuwa mkosaji katika ugonjwa mmoja na mkosewa katika ugonjwa wa pili, na hapana aliyeweza kuwatofautisha kwa kutazama tu.

Matokeo ya kuondoka kwa sotoka yalionekana kwa macho. Nyumbu wa Serengeti, waliokadiriwa kuwa kama 250,000 mwaka 1961, walifika zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, wakisaidiwa pia na mvua njema za wakati ule. Nyumbu walipozidi, majani marefu yalipungua. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ukapungua. Na moto ulipopungua, miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe ilibadilisha sura ya mbuga nzima.

Vita havikuisha hapo. Kampeni kubwa iliyoanzishwa mwaka 1962 ilipita katika nchi 22 za Afrika, ikaisha mwaka 1976. Na kwa kuwa watu walidhani wameshinda, wakalegea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka iliwaka tena na kuua ng'ombe wengi sana. Kampeni nyingine ikafuata, safari hii pamoja na chanjo iliyotengenezwa na Jeffrey Mariner, inayoweza kukaa yapata mwezi mzima bila barafu, hata wafugaji wenyewe wakafundishwa kuichukua mabegani na kuchanja katika nchi kama Karamoja na Sudan ya kusini, ambako gari halikufika.

Mwaka 1994 nyati na tandala walianza kufa katika Tsavo. Mashtaka ya zamani yangeweza kufufuka, lakini sasa wachunguzi walijua pa kutazama. Walikuta kwamba sotoka ya aina pole ilikuwa imejificha katika ng'ombe wa pande za mashariki, ikiwaumiza kidogo tu hata wachungaji wasiitambue, lakini ikiwaua nyati. Mnyama wa mwitu alikuwa ametoa habari ambayo ng'ombe aliificha. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, tena kwa nyati, katika Hifadhi ya Meru nchini Kenya.

Hivyo yule aliyehesabiwa miaka mingi kuwa mwizi alikuwa shahidi, na mwisho akawa mlinzi wa mlango. Sotoka imekwisha, lakini magonjwa yanayopita baina ya mifugo na wanyama wa mwitu hayajaisha, na kila moja lina njia yake. Ni vizuri anayetafuta chanzo cha ugonjwa aanze na zizi lake, amsikilize mchungaji aliyekaa na wanyama hao, kisha aipime damu. Na bunduki, kama italazimu kutumika, iwe ya mwisho.