Shawa inakubabua halafu inakumwagia baridi? Soma habari ya presha hapa

Leo naacha siasa kidogo niongelee bomba, maana yametukuta. Mtoto wa mama mkubwa, yuko darasa la nne, aliungua bega na shingo akioga kwenye shawa iliyofungwa siku tatu tu kabla. Fundi akasema hita mbovu, nunueni nyingine. Hita haikuwa mbovu hata kidogo! Tatizo lilikuwa presha. Mwenzenu nimekaa na mafundi bomba mpaka nikaelewa, sasa naliweka hapa ili anayejenga asitoe hela bure.

Ilivyokuwa: maji baridi ya shawa yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Maji moto yalitoka kwenye simtanki juu ya stendi, yakapita hita ya lita 50, yakashuka kwenye miksa. Yaani njia mbili zenye nguvu tofauti zinakutana sehemu moja. Bomba likiwa na maji, baridi inaisukuma moto irudi ilikotoka, kwa hiyo unaoga baridi tu. Dogo akafanya ambacho hata wewe ungefanya, akafungua moto mpaka mwisho na baridi akaibana. Mara mgao ukaingia, bomba likakata. Baridi ikafa, ikabaki moto peke yake. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza vibaya ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni laini kuliko yetu.

Dalili zilikuwepo ila hatukuzisoma. Simtanki lilikuwa linafurika usiku, tukabadilisha boya mara mbili. Kumbe kichwa cha shawa ni cha mkono, chenye kitufe cha kufunga maji, na watu walikuwa wanabonya kitufe halafu wanaacha koki zote mbili za miksa wazi. Maji ya bomba yakawa yanapita ndani ya miksa, yanapanda kwenye hita kinyumenyume mpaka kwenye simtanki. Mita inazunguka watu wamelala!

Sasa tuje kwenye hesabu, ni rahisi. Kila mita moja ya kimo cha maji inakupa presha ya baa 0.1, kwa hiyo mita 10 ndiyo baa 1 hivi. Unapima kuanzia usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye kichwa cha shawa, usipime kuanzia chini. Maji yakiwa mita 4 kutoka ardhini na shawa iko mita 2, una baa 0.2 basi. Bomba la mtaani likiwa na nguvu linaweza kufika baa 2 au zaidi, hasa usiku watu wakiwa hawatumii. Hiyo ni mara kumi.

Na hapa kuna uongo umeenea mtaani, eti simtanki kubwa linasukuma zaidi. Hapana jamani. La lita 500 na la lita 5,000, usawa wa maji ukiwa sawa, presha ni ile ile. Hela ya tangi kubwa peleka kwenye stendi ndefu.

Kabla hujanunua chochote, pima. Chukua ndoo ya lita 10, fungua moto peke yake, hesabu sekunde mpaka ijae. Rudia kwa baridi. Ikijaa kwa dakika moja una lita 10 kwa dakika, hiyo shawa safi kabisa, hata lita 6 unaoga vizuri. Kama moto imechukua dakika mbili na baridi sekunde 20, umeshajua ugonjwa. Pima mchana na upime usiku.

Dawa ya kwanza, na mara nyingi inatosha, ni kuchukua moto na baridi kutoka simtanki moja. Bomba la mtaani liishie kwenye kujaza tangi tu. Toa paipu kubwa kwenye tangi, nchi 1 au robo tatu, punguza kuwa nusu pale mwisho kwenye shawa. Angalia PPR, maana ile ya milimita 20 ni unene wa nje, ndani inabaki 13 hivi. Na kila elbo inakula nguvu kidogo. Ukiweza, baridi ya shawa iwe na njia yake, isichangie na choo, la sivyo mtu akivuta maji chooni wewe unaungua.

Ukitaka presha zaidi funga pampu, lakini iwe kwenye njia kuu ya tangi KABLA maji hayajagawanyika kwenda hita na kwenda baridi. Hakikisha pia hita inaruhusu hiyo presha. Nimeona watu wanasukuma baridi peke yake, hapo umerudisha tatizo lile lile kwa umeme wako mwenyewe. Usiivutishe kwenye bomba la mtaani, inanyonya uchafu penye paipu zilizotoboka.

Valvu ya kuzuia maji kurudi, mafundi wanaiita nonritani, inasaidia ukiiweka kwenye njia ya moto karibu na miksa. Usiiweke kwenye mlango wa kuingilia hita bila sefti valvu. Maji yakipata moto yanatanuka, yakikosa pa kwenda tangi la hita linapasuka. Hapa sitanii.

Wenye shawa za umeme zinazochemsha papo hapo, nyie mna paipu moja ila presha bado inawahusu. Ya wati 5,400 ikipitisha lita 6 kwa dakika, inapandisha joto nyuzi 13 hivi. Maji yakipungua yakawa lita 3, inapandisha nyuzi 26. Maji ya nyuzi 26 yanatoka na 52! Presha ikishuka, kwanza toka chini ya maji, halafu punguza joto. Na inavuta amp 23 hivi, kwa hiyo iwe na waya wake mnene kama boksi linavyosema, swichi yake na ethi ya kweli. Bila ethi usifunge.

Kwa mama mkubwa tulikata tii ya bomba, tukaunganisha baridi kwenye simtanki, kazi ya asubuhi moja. Hita ni ile ile ya mwanzo. Shawa sasa inatoka kinyonge kidogo, mama mkubwa analalamika, ila stendi itapandishwa mita 2 akipata hela. Bega la dogo limeshakauka, ila mpaka leo anaoga kwa ndoo.