Kristo katika Kuta za Murang'a

Katika sharika nyingi za Karatu, na kando ya njia ipandayo Ngorongoro, tumezoea kuiona karibu na madhabahu picha ya Yesu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Hatuilaumu, wazee wetu waliipokea pamoja na Injili. Lakini wanafunzi wanapouliza kama Mwafrika aweza kumchora Bwana kwa sura nyingine, yafaa tuwaelekeze kwa Elimo Njau.

Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, katika nchi ya Kilimanjaro ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Alisoma sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Kisha, katika miaka ya mwisho ya 1950, alichora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa wakati ule Fort Hall: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Chakula cha Bwana, Gethsemane na kusulibiwa. Mambo hayo yote yanatukia katika nchi ya Wagikuyu, na Yesu mwenyewe ni mweusi.

Kanisa lile lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wagikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Lakini serikali ya kikoloni nayo ilinyonga watu zaidi ya 1,000, na mwezi Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Hao hawakujengewa kanisa. Je, Njau aliuremba ukumbusho wa upande mmoja? Sisi twaona kwamba Msulibiwa mweusi, aliyehukumiwa na watawala wa kigeni, hawezi kumilikiwa na upande mmoja. Mjane wa mtu aliyenyongwa naye angeweza kusimama mbele ya ukuta ule akamwona mumewe.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa huko Nairobi, akiwafundisha vijana wasiige kazi za wengine. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza mengi; naye akaanza tena.

Tukumbuke pia kwamba alikuwa Mchagga akiwachorea Wagikuyu. Karatu na Ngorongoro wanakaa Wairaqw, Wadatoga, Wamasai na Wahadzabe. Yesu wa ukutani avae vazi la nani? Tulipomwuliza mzee mmoja wa kanisa, alitafakari kitambo, kisha akasema avae lile la jirani tuliyegombana naye.